Kasoro ya Fleti Namba Saba

Siwema binti Zahoro alipiga magoti kwenye korido ya ghorofa, akaingiza wembe kwenye ufa wa ukuta. Wembe ulizama kidogo tu, ukagota. Akajaribu juu, akajaribu chini. Ufa ulikuwa wa rangi. Ukuta wenyewe ulikuwa mzima kama jino la mtoto.

Akasikitika.

"Shoga, ukuta mzima halafu unanuna?" akasema Jenifa wa namba nane, kikapu kichwani. "Ulitaka uanguke?"

Siwema akaufuta wembe kwenye upindo wa mtandio. Ni huyu huyu Jenifa aliyemnong'oneza jana kwamba fleti namba saba inauzwa, na kwamba Ijumaa watu wanasaini. Leo ilikuwa Jumatano.

Siku mbili za kulichunguza jengo, na mchunguzi mwenyewe aliishia darasa la saba. Shamba la mikorosho la Kisarawe, urithi wa marehemu baba yake, lilikwishauzwa kwa ajili ya fleti hiyo, kwa hiyo nyuma hapakuwa na pa kurudi. Na mama yake, Bi Mwanamkuu, miguu ilikuwa imekufa ganzi, wa kubebwa mpaka msalani. Fleti ikimponyoka, mzee yule atamlaza wapi?

Asubuhi ile mama alikuwa amemwona bintiye anazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akataka kumchangamsha.

"Kitendawili."

"Tega, mama."

"Mlinzi wangu hana macho, lakini wezi wanamwogopa."

Siwema, ambaye tangu mtoto hajawahi kushindwa kitendawili cha mama yake, alishindwa.

"Basi nipe mji."

"Chukua Kisarawe."

"Kisarawe tumeshauza, mwanangu. Nipe mwingine." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema ni kufuli. Siwema naye akacheka, kisha akatoka upesi kabla kicheko hakijageuka.

Alianzia kwa mwenyekiti wa mtaa hapo hapo Visiga. Mwenyekiti akamwambia kiwanja kile hakijawahi kuwa na mgogoro, si wa mpaka wala wa urithi, na akamsifu kwa kuuliza mapema, maana wengine huja kwake wakiwa wameshalizwa. Akaenda kwenye ofisi ya vibali vya ujenzi. Kibali kilikuwepo: ghorofa tatu zimeombwa, tatu zimejengwa. Siwema akaomba zihesabiwe tena. Zikahesabiwa tena, zikawa tatu.

Kizuri hakikosi ila, alijisemea njiani. Hiyo ila imejificha wapi?

Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye benchi la ofisi ya ardhi, amelipia upekuzi wa hati. Binti wa dirishani akamsomea taratibu, kama anayemsomea bibi yake barua. Fleti namba saba ina hati yake yenyewe, imejitenga na za majirani. Haina mkopo wa benki. Haina zuio la mahakama. Mmiliki ni Badru Mwinshehe.

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

Siwema akasogea karibu na dirisha. Akamwomba atazame vizuri, pengine kuna muhuri uliokosekana, pengine tarehe imekosewa, pengine kodi ya ardhi haijalipwa.

"Mama yangu, unatafuta nini?" binti akauliza, akiwa ameshapiga muhuri. "Watu wakipata hati safi namna hii hutoa sadaka."

Siwema akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Alipofika nje akakaa kwenye ukingo wa maua, akajipepea kwa karatasi hiyo hiyo. Ilibaki ofisi moja tu: ya wakili anayeandaa mauzo, kule Maili Moja.

Wakili Zablon alikuwa mtu mnene, mchangamfu. Alipomwona mwanamke anaingia na karatasi ya upekuzi mkononi, hakumwuliza jina, alimvutia kiti.

"Karibu, karibu sana. Afadhali tumeonana ana kwa ana. Mbona kwenye simu unaongea kuliko hivi?"

Siwema akatabasamu kwa shida. Akamwuliza kama kuna kitu, hata kiwe kidogo namna gani, kinachoweza kuyazuia mauzo ya kesho.

Wakili akavua miwani. Alisema kipo kimoja, nacho kimeua biashara nyingi hapa Kibaha. Muuzaji ana mke, na humo ndimo wanamoishi. Nyumba ya ndoa haiuzwi mpaka mke aridhie kwa kiapo.

Siwema alishika ukingo wa meza. "Hata kama kwenye hati hayumo?"

"Hata kama hayumo."

"Na asiporidhia?"

"Hakuna fleti, mama. Mimi na wewe tungefunga faili hili, kila mtu akaenda kwake."

Hapo machozi yakamtoka, yale aliyoyabana tangu juzi, yakamwagika mpaka kwenye mtandio. Wakili akataharuki, akaanza kupekua faili huku akimbembeleza.

"Usilie, bwana. Nisingekutisha kama sina jibu. Mkewe alikuja hapa Jumatatu, wameongozana na mumewe. Mama mpole, ana adabu. Nilimwuliza mara mbili kama analazimishwa, akasema hapana. Akaapa mbele yangu. Hiki hapa."

Akakigeuza kiapo kimwelekee Siwema. Juu kilibandikwa picha ndogo, chini kulikuwa na dole gumba la wino wa zambarau. Katikati kuliandikwa: *Mimi, Siwema binti Zahoro, mke halali wa Badru Mwinshehe, nimeridhia kwa hiari yangu.*

Mwanamke wa pichani alikuwa anatabasamu. Siwema hakuwahi kumwona maishani mwake.