Moyo Mmoja wa Bi Konokono

Kindi alianzisha kundi la hadithi kwenye simu, na wanyama mia mbili wakajiunga. Kila alipotuma hadithi, waliosoma waliiwekea alama ya moyo. Masika yalipokwisha, Kanga akafungua kundi lake la umbea na karibu wote wakamfuata.

"Shoga, bado unaandika tu?" Kanga alimcheka. "Unauandikia ukuta?"

"Bi Konokono yupo," Kindi alijibu. "Hajakosa hata siku moja kuniwekea moyo."

Lakini kuandikia msomaji mmoja kulimchosha. Jioni moja Kindi aliandika huku analia: "Nimeshindwa. Kesho nalifunga kundi hili." Mara moyo wa Bi Konokono ukatokea chini ya maneno hayo.

Kindi akamwendea mbio kwa hasira. "Bibi, kumbe na wewe unafurahi nikifunga?"

"Unafunga?" Bi Konokono alishtuka. "Mjukuu wangu, sijui umeandika nini. Macho yangu hayaoni tangu masika. Simu ikilia najua ni wewe, basi napapasa kwa pembe mpaka niubonyeze huo moyo, usije ukajiona uko peke yako."

Kindi alikaa chini kando yake, akatafuta hadithi ya kwanza ambayo bibi huyo hakuiona, akaanza kumsomea taratibu.

Waliohama hawakurudi hata mmoja. Kundi halikufungwa.