Vya Nyumbani Tu

Bi Saumu aliponzwa na haya. Siku hiyo ilikuwa zamu ya binti yake, Mwanahawa, kufutwa kichwa na kupakiwa upya, kama afanywavyo kila mtu.

"Programu za ghala kuu zitarudi zenyewe," fundi alimwambia. "Alizofundishwa nyumbani uzitaje wewe, mama, la sivyo zinapotea. Zipi?"

Ajisifu mbele ya fundi? "Vya nyumbani vina nini, mwanangu? Mambo ya kawaida tu."

Fundi akaifunga nakala ya kichwa cha Mwanahawa bila kuongeza kitu.

Jioni, kichwani mwa Mwanahawa, hesabu ilikuwepo, Kichina kilikuwepo, hata udereva. Bi Saumu akaita kutoka jikoni, "Mwanahawa!" Akaingojea ile "abee" aliyomfundisha tangu hajaota meno.

"Nakusikia. Unahitaji nini?"

Mwiko ukamponyoka. "We mtoto, mimi nani?"

"Bi Saumu, mama mzazi."

"Na ukiugua, nakuimbia nini?"

Binti akafikiri, kisha akatabasamu kwa adabu. "Sijui. Lakini usihofu, mama. Ijumaa ni zamu yako, na msemaji wako ni mimi. Nikiulizwa vyako vya nyumbani, nitasema ni mambo ya kawaida tu."