Breki Hakuzigusa

Dalali hakumtambua Basma ndani ya nikabu. Hakulitambua hata gari alilomuuzia mwenyewe, lile lililokataa kushika breki na kumuua mumewe kwenye mteremko wa feri, Likoni. Basma alikuwa amelinyoosha bodi na kulipaka rangi nyeupe. Breki hakuzigusa.

"Breki vipi, dada?" dalali aliuliza, akipapasa usukani.

"Nzima." Ulimi ulikataa kuongeza wallahi.

"Basi ngoja nilijaribu mpaka Mishomoroni."

Akamwita bintiye, aliyepanda mbele na kujifunga mkanda. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimekatika gidamu.

Basma aliinama, akaufungua mkanda taratibu, akamshusha mtoto.

"Huyu niachie, nimpe soda," alisema, akamkabidhi dalali ufunguo.