Nafasi ya Mzee Gekara

Kila Jumapili kanisani, Nyatichi alikuwa na ombi moja tu: Mzee Gekara astaafu. Hakumtakia mabaya, la hasha. Alikitaka kiti chake.

Gekara alikuwa karani wa kupima majani katika shamba moja la chai karibu na Kericho. Nyatichi naye alikuwa na cheti cha kompyuta kilichoanza kukunjika pembe ndani ya bahasha. Miaka miwili tangu amalize Form Four, jibu la ofisi lilikuwa lile lile. Mashine za kuchuma zimepunguza watu, asubiri mmoja atoke.

"Walimu walituambia tusome, kazi itatutafuta," alilalamika siku moja. Alikuwa akiishona aproni ambayo mama yake, Jerusa, aliivaa akichuma chai. Ilikuwa imepasuka karibu na mfuko. Uzi mweusi uliisha, akatumia wa buluu. "Mama, nimechoka kukaa. Sasa hata kazi gani nitashika."

Jerusa aliacha kujisugua magoti, akamtazama.

"Kazi yoyote?"

"Yoyote."

"Basi shona ukikaza, mama. Hiyo itavaliwa miaka mingi."

Wiki iliyofuata simu ikalia. Nafasi imepatikana, aripoti kesho saa moja asubuhi. Nyatichi alipiga magoti papo hapo jikoni, akamshukuru Mungu, na kwa haya kidogo akamwombea Gekara uzee mwema.

Asubuhi alivaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili. Mama yake, ambaye kwa kawaida alitoka kabla ya jua, alikuwa bado kitandani.

"Leo napumzika," alisema, uso ameuelekeza ukutani. "Uende na soksi nzito."

Nyatichi alicheka. Karani na soksi nzito wapi na wapi?

Penye mizani alimkuta Mzee Gekara, kalamu sikioni.

"Mzee, kumbe bado uko?"

"Niende wapi? Mimi niko na miaka nne bado." Gekara hakumtazama usoni. "Aliyetoka ni mwingine. Ametoka mwenyewe jana, akaomba nafasi yake upewe wewe."

Akamsogezea kikapu cha kuchumia, na juu yake aproni iliyokunjwa. Nyatichi aliikunjua. Karibu na mfuko palikuwa na mshono wa uzi wa buluu, umekazwa vizuri.