Pistoni za Mwakio

Mthamini alipoingia, Wakesho alikuwa ameshazipanga pistoni nane mezani, zinang'aa kama sufuria za harusi. Zilitoka kwenye gari la Kimarekani la marehemu mumewe, Mwakio, lile lililokuwa likinguruma hadi madirisha ya jirani yanatetemeka, enzi petroli haijapigwa marufuku. Sheria ilikuwa moja: kitu chochote chenye masizi, ushahidi wa moto wa petroli, kilihifadhiwa makumbusho kwa jina la mwenyewe. Chuma kisicho na masizi kiliyeyushwa.

Mthamini akapitisha kipimo cha masizi juu ya kila pistoni. Kipimo kikanyamaza.

"Mama, hizi hazijawahi kuwaka."

"Ziliwaka miaka ishirini, mwanangu! Nimezisugua kila Ijumaa tangu azikwe. Ningemwonyesha mgeni vitu vichafu?"

"Ulizisugua na nini?"

Akamletea shati la gereji la Mwakio, jeusi tititi. Nguo zake nyingine alishazigawa baada ya matanga. Kipimo kikalia hata kabla hakijaligusa.

Mthamini akalikunja shati taratibu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika jina la marehemu. Pistoni akazitumbukiza kwenye sanduku la kuyeyushwa.

"Hongera, mama. Mzee amehifadhiwa."

Alipoondoka, Wakesho aliketi mbele ya meza tupu, akainusa mikono yake, akitafuta harufu ya mumewe. Asubuhi alikuwa ameinawa mara tatu, ili ampokee mgeni vizuri. Ilinukia sabuni tu.