Lori Lililovuja Uani

Ernesta alijisukuma kwa mgongo chini ya lori, kanga ameifunga kibwebwe, spana ya mumewe mkononi. Hakuwa na muda. Mumewe, Melkizedeki, alikwenda boma kutoa taarifa ya lori, kama alivyoamriwa kufanya kila alasiri, na kutoka pale kwao hadi boma la Same si mbali.

Aliipata ile nati kwa kupapasa. Ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Aliizungusha kidogo, ikalia. Akatulia, akasikiliza, akaizungusha tena. Kisha akatoka, akasugua mikono kwa majivu, akarudi jikoni kwenye makande yake.

Hiyo ilikuwa siku ya nne ya kuilegeza.

Ulikuwa wakati wa vita vile vikubwa. Serikali ilitaka mkonge, na mkonge ulitaka watu. Mwanawe Tumainieli alikamatiwa Msangeni, shambani kwa bibi yake, akaandikwa, akafungiwa pamoja na vijana wengine katika ua wa miba nyuma ya boma. Walikuwa wapelekwe upande wa Handeni, kusikofika reli. Kilichongojewa ni lori tu, na lori lililobaki Same nzima lilikuwa hilo moja, mali ya mwenye duka. Melkizedeki ndiye aliyeliendesha na kulilaza uani kwake. Madereva wengine walikuwa vitani.

Ijumaa iliyokuwa inakuja ilikuwa ya mwisho katika mwezi. Baada ya hapo zamu ya kutoa watu ingehamia wilaya nyingine.

Asheri, kaka yake Tumainieli, alipelekwa mkongeni mwaka uliotangulia. Kilichorudi ni blanketi lake.

Melkizedeki aliporudi hakuketi. Alivua koti, akainama kuchungulia chini ya lori.

"Mama Asheri, nipe unga kidogo."

"Unga wa nini?"

"Nikiupaka kwenye injini, nitaona oili inaanzia wapi."

Akampa. Angekataa vipi? Alisimama mlangoni akimtazama akiiosha injini kwa mafuta ya taa, akiikausha kwa kitambaa, akiinyunyizia unga mpaka ikawa nyeupe. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira. Halafu Melkizedeki aliingia ndani, akatoka na kiatu chake cha kwendea kanisani, akakichana kwa kisu na kukata gasketi ya kuzibia oili kutoka kwenye ngozi yake.

Ernesta alikitazama kile kiatu. Baba gani huyu, anayechana kiatu chake cha Jumapili ili mwanawe apelekwe upesi?

"Baba Asheri, ni lazima lipone?"

"Karani wa boma amesema lisipoondoka Ijumaa nitafungwa."

"Jela mtu hutoka."

Melkizedeki aliendelea kukata. Baadaye, bila kuinua uso, akasema, "Usiniulize habari za lori. Mtu asiyejua hana la kujibu. Nenda kachote maji."

Akaenda. Alizoea sasa. Kila mumewe alipotaka kuingia uvunguni mwa lori, alimtuma maji.

Asubuhi oili ilikuwa imetanda tena juu ya mchanga, pana kuliko jana. Melkizedeki alichuchumaa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Bado," akasema.

Ernesta alishusha pumzi, kisha akajionea haya kwa kushusha pumzi. Alifunga makande kwa jani la mgomba, akayapeleka bomani. Tumainieli aliyapokea kupitia upenyo katika miba. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo mama. Wanasema baba analitengeneza lori."

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu, analitengeneza."

Kijana alitazama chini. "Mwambie asijisumbue sana."

Ernesta alitaka kumwambia kwamba kuna mtu anayelibomoa, lakini askari alikuwa karibu. Akageuka. Njia nzima ya kurudi alilia kimyakimya, akijua kwamba yeye ana spana moja na nati moja, na mumewe ana mikono ya fundi na siku nzima ya kufanya kazi. Atashindwa. Ataamka asubuhi moja, akute mchanga umekauka.

Alhamisi karani alikuja mwenyewe, na askari mmoja, na fundi wa reli aitwaye Elirehema.

"Leo nataka kujua," alisema karani. "Wiki nzima lori moja halizibiki?"

Elirehema aliingia chini ya lori. Hakukaa sana. Alipotoka alijipangusa polepole, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa kujipangusa.

"Sema," karani akamwambia.

"Oili haivuji yenyewe. Kuna nati imelegezwa kwa spana. Na si mara moja."

Karani alimtazama Melkizedeki. Askari akasogea hatua moja.

Ernesta hakujua miguu ilimtoaje mlangoni. Aliwaza tu kwamba mtoto mmoja amekwenda, wa pili yuko ndani ya miba, na sasa anafungwa mtu asiye na kosa, ambaye yeye alimchukia wiki nzima kwa sababu ya uhodari wake.

"Ni mimi," akasema. "Mume wangu hajui lolote."

"Wewe mama?" Karani alicheka. "Unaijua nati yenyewe?"

Ernesta alikunja kanga yake, akalala chali mbele ya wanaume wale, akaingia chini ya lori. Akanyoosha kidole.

"Hii hapa."

Elirehema alipiga magoti, akachungulia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mama, hiyo inashika bomba la moshi. Hapo hapapiti oili hata tone."

Ernesta aligeuza kichwa. Kutoka uvunguni aliona miguu ya mumewe, imetulia, na juu yake mikono yote miwili, ambayo tayari amekwisha kumnyooshea askari amfunge.