Dawa Isiyofika Moyoni

Mwanamke nisiyemjua aliingia katika duka langu la dawa bila hodi, akaweka viganja vyake juu ya meza.

"Nishike. Hii ni ngozi au jiwe?"

Aliitwa Kadzo, na alikuwa amevunja kokoto kwa miaka thelathini. Vidonge na sindano ni marufuku siku hizi. Kila mtu hupakwa dawa yake kiganjani katika krimu ileile nyepesi, mbele ya mashine inayosoma mistari ya mkono. Krimu yake ya moyo ilikuwa ikikaukia juu ya sugu, na mashine ikiandika kwamba amepata dawa. Wiki hiyo alikuwa amezimia mara tatu.

"Eti moyo wangu mkaidi," alisema. "Ukaidi gani, na dawa haijaufikia?"

Walioweka sheria hiyo walichagua mojawapo ya ngozi nene kuliko zote mwilini ili mashine isipate taabu!

"Mama, kesho nitakuja kwako. Nitachanganya dawa hiyohiyo na mafuta ya mgando, nikupake upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, palipo laini, nifunike kwa nailoni ngozi ilainike zaidi, dawa ipenye."

"Mashine yako hiyo hapo inasikia pia, mwanangu. Watakufungia duka."

"Wafunge."

Jioni walifuta leseni yangu. Asubuhi nilimkuta Kadzo ameketi kitandani, ameshakunja mkono wa gauni. Nikiwa katikati ya kumpaka, askari wawili wa mtaa walisimama mlangoni wakitaja jina langu.

"Subirini hapo hapo," niliwaambia. "Bado sijafunga nailoni."